Datsun ya Marehemu na Mafungu Thelathini na Mawili



Barua ya juma hili imetoka kwa mama mmoja wa upande wa Msambweni. Naijibu hadharani kwa idhini yake, bila ya kumtaja jina, kwani nyumba zenye mas'ala kama haya ni nyingi kuliko zinazosema. Mumewe, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa fundi wa magari. Aliacha nyumba, minazi kidogo, na gari moja la zamani, Datsun 240Z, lililofunikwa turubai uani. Mwanawe wa kiume amelifunua, ameishusha injini, na sasa ataka kuipeleka bloku Mombasa ikachongwe ili gari lipate nguvu zaidi. Mama auliza: je, ana haki hiyo? Na je, yeye na mabinti zake wawili wakinyamaza, huhesabiwa wameridhia?

Huenda msomaji akasema gari la miaka hamsini ni chuma chakavu, si mirathi ya kuandikiwa barua. Sivyo. Gari hili lilitengenezwa Japani kati ya 1969 na 1973, nalo lina nasaba katika nchi yetu. Mwaka 1971 Edgar Herrmann, Mjerumani mkazi wa Kenya, alishinda nalo mashindano ya East African Safari akiwa na Hans Schüller. Mwaka 1973 likashinda tena mikononi mwa Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, na Lofty Drews. Sisi tuliokuwa watoto wakati ule au tuliozaliwa baadaye tulisimuliwa habari za magari hayo na wazee wetu kama tulivyosimuliwa habari za majahazi. Leo watu wa mbali huyatafuta na kuyanunua kwa fedha nyingi, khasa yakiwa na injini ile ile yaliyotoka nayo kiwandani, yenye nambari ile ile iliyopigwa ubavuni mwa bloku. Hapo ndipo penye uzito wa swali la mama huyu.

Nilimwendea kijana baada ya Asri nikamkuta na spana mkononi. Ni kijana wa adabu na anaijua kazi yake, wala si mpotevu kama mama yake anavyochelea. Alinieleza kwa utaratibu. Injini yenyewe yaitwa L24: silinda sita kwa mstari mmoja, ujazo wake sentimita za ujazo 2393. Upana wa kila silinda ni milimita 83, na pistoni husafiri milimita 73.7 kutoka chini hadi juu. Yeye ataka kuzichonga silinda zifike milimita 84, kisha atie krenkishafti ya gari lililokuja baadaye, ambayo huisafirisha pistoni milimita 79. Tulipiga hesabu pamoja kwa kalamu, tukapata ujazo wa 2627 hivi. Juu ya hayo ataka kuziondoa zile kabureta mbili za asili na kuweka tatu aina ya Weber, kila moja yenye makoo mawili, ili kila silinda ivute pumzi kwa koo lake. Na kamshafti ataka ile inayoziacha valvu wazi kwa muda mrefu zaidi.

Nilimwuliza gharama ya nguvu hizo ni nini, maana hakuna kitu kipatikanacho bure. Akasema kweli: kamshafti ya namna hiyo hutoa nguvu injini inapozunguka kwa kasi sana, lakini chini huilegeza; petroli huliwa zaidi; joto huongezeka; na mgandamizo ukizidishwa kupita kiasi, mafuta huwaka kabla ya wakati wake, injini ikagonga na pistoni ikatoboka. Nikaona moyoni kwamba gari la kwenda Ukunda na kurudi halihitaji mambo hayo, lakini mtu haulizwi sharia kwa kupenda kazi ya mikono yake.

Sasa tuje kwenye haki. Mtu akifa, mali yake hulipiwa kwanza gharama za maziko na madeni, kisha wasia usiozidi thuluthi, na kinachobaki ni cha warithi wote tangu saa ile. Hakingoji kugawanywa ndipo kiwe chao. Marehemu huyu hakuacha wazazi; ameacha mke, mwana mmoja na mabinti wawili. Mke hupata thumuni, na mwana hupata mara mbili ya binti. Ukiigawanya mali mafungu 32, mama ana 4, kila binti ana 7, na mwana ana 14. Basi katika kila msumari wa gari lile, kijana hana hata nusu. Wanawake watatu wana mafungu 18. Na mshirika katika fungu la mwenziwe ni kama mtu kando: hana ruhusa ya kulikata, kulichonga wala kulibadilisha ila kwa ridhaa.

Hapa ufundi na fikihi hukutana vizuri. Kabureta alizozinunua kwa fedha zake hufungwa kwa boliti na hufunguliwa kwa boliti. Siku ya kugawana atazitoa, atazirudisha za asili, na hakuna aliyepungukiwa, mradi zile za asili amezihifadhi. Kamshafti nayo hutoka. Lakini silinda iliyochongwa hairudi ilivyokuwa. Mafakihi wa madhehebu ya Shafi walizungumza zamani juu ya mtu aliyeitia rangi nguo isiyo yake: ikiwa thamani imepungua, alipe upungufu. Anayechonga bloku ya ushirika bila ya idhini, kisha mnunuzi akaja akasema "mmeiharibu asili yake", atawadhaminia mama na dada zake sehemu zao.

Juu ya kunyamaza: binti mmoja ameolewa Likoni, wa pili yuko Muscat, na wote wawili walipoulizwa na kaka yao kwa simu walijibu "fanya upendavyo". Mama asema walijibu kwa haya, kwa kuwa hawakutaka waonekane wanapigania gari. Wanazuoni wameihesabu mali itolewayo kwa haya kuwa karibu na iliyotwaliwa kwa nguvu. Ridhaa ya kweli ni ya mtu aliyeelezwa thamani ya kitu na jambo litakalofanywa, kisha akapewa nafasi ya kusema hapana. Kaka hakuwaambia kwamba kuchonga hakuna kurudi. Basi idhini ile haitoshi.

Nilimpa kijana shauri ambalo alilipokea kwa uso mkunjufu, naye ndiye aliyenifundisha sehemu yake kubwa. Iko injini ya ukoo huo huo, L28, ya ujazo wa 2753, iliyokuwa ikitiwa katika Nissan Patrol za miaka ya 1980. Hiyo bila ya kuchongwa hata kidogo ni kubwa kuliko ile anayotaka kuiunda kwa kuitesa bloku ya baba yake. Na ainunue kwa fedha zake, iwe milki yake, aichonge na kuipamba atakavyo. Injini ya asili ipakwe mafuta, ifungwe vizuri mbali na unyevu wa bahari, iwekwe stoo. Kuitia L28 katika gari bado kwataka idhini ya warithi, na logibuku ibadilishwe, kwani nambari ya injini huandikwa humo.

Wewe mama, kabla ya yote mwite mtu anayejua magari ya zamani, asiye jamaa, alikadirie gari lilivyo sasa, na makadirio yaandikwe. Kijana akitaka kulimiliki peke yake, alipe thamani ya mafungu 18, hata kwa awamu, au apunguziwe katika fungu lake la nyumba na minazi. Mkishindwa kuelewana, mahakama ya Kadhi ina mamlaka ya mirathi kwa mujibu wa Katiba, na kwenda huko si kumshitaki mwanao.

Bloku isipelekwe Mombasa mpaka binti wa Muscat apigiwe simu tena, mama akiwepo.

Suala la dada wa Diani juu ya mahari iliyocheleweshwa tutalijibu juma lijalo, inshallah.