KIWANJA CHA NDEGE CHA KIGOMA

Ndugu wanachama, si ajabu sisi watu wa visiwani kuitaja Kigoma. Misafara iliyotoka kwetu ndiyo iliyofikisha Kiswahili Ujiji, na ndiyo iliyorudi na pembe na watumwa, wala hatulifichi. Burton na Speke walitoka Unguja mwezi Juni 1857, wakawasili Ujiji Februari 1858. Leo ndege yatoka Dar es Salaam ikatua Kigoma kwa muda wa saa chache.

Lakini Kigoma iliijua ndege kwa shari kabla ya kuijua kwa heri. Mwaka 1916 ndege za Wabelgiji ziliishambulia kwa mabomu bandari hiyo, iliyokuwa mikononi mwa Wajerumani. Kiwanja kilikuja baadaye, kikawa cha changarawe, hata kikatiwa lami kwa fedha za mkopo.

Hapa ndipo penye neno letu. Deni la Serikali hulipwa na kila mnunuzi wa sukari na sabuni. Sisi wenye maduka twalijua. Mvuvi wa dagaa hulilipa pamoja na mkubwa apandaye ndege, ilhali yeye husafiri kwa gari moshi.

Hatusemi viwanja visijengwe, kwani hata mgonjwa huvihitaji. Twasema: kijengwacho kwa deni la wote, hesabu yake isomwe mbele ya wote, na mwenye shamba alipwe kabla shamba halijachukuliwa. Nasi tukiahidiwa kiwanja huku visiwani, tuulize kwanza: nani alipa, na nani apanda? Mali bila daftari hupotea bila habari.