Harara ya Taa Katika Jino

Tabibu wa meno aghalabu huziba jino kwa ujazo mweupe uliochukua nafasi ya ule wa zebaki, kisha huuelekezea taa ya nuru ya buluu ili ugande. Na mgonjwa, kinywa wazi, hudhani nuru ile haina joto, ilhali taa ina harara yake, na ujazo nao hutoa joto unapogeuka kuwa mgumu.

Mwaka 1965 watafiti Zach na Cohen walibainisha, kwa kuchunguza meno ya kima, kwamba kiini cha jino kikipandishwa joto kwa nyuzi 5.5 za Selsiasi, takriban viini 15 katika kila 100 hufa. Wako waliokipinga kipimo hicho, nami sioni ajabu, kwa kuwa wawili hao walitumia chuma cha moto, si taa. Lakini hadhari yao ingali na maana, hasa leo ambapo taa nyingi hupita wati 1 kwa kila sentimita ya mraba, na nyingine hufikia wati 3.

Hatari hasa imo katika tundu lililochimbika sana, kukabakia utando mwembamba juu ya kiini. Damu ipitayo humo huondosha joto, lakini ganzi yenye adrenalini huipunguza, na mgonjwa aliyetiwa ganzi hawezi kulalamika kuwa anaungua. Kwa hiyo naona si haki kusifu taa kwa wepesi wake tu: tabibu na apulize hewa juu ya jino, apumzishe taa baina ya tabaka na tabaka, wala asione uzito kumweka mgonjwa kitini dakika moja zaidi.