Diski Moja, Seva Mbili

Tovuti ikikua, seva moja huelemewa. Inawashwa ya pili, na hapo balaa huanza: mteja anapandisha picha, inaangukia seva ya kwanza; akifungua ukurasa upya anahudumiwa na ya pili, ambayo haina picha hiyo. Fundi mwenye haraka husema, basi diski ile ile iunganishwe kwenye seva zote mbili.

Asifanye hivyo. Kweli, tangu Februari 2020 Amazon inaruhusu baadhi ya diski zake za EBS zishikwe na hadi seva 16 kwa pamoja. Lakini kuruhusiwa si kulindwa. Mifumo ya kawaida ya faili, kama ext4 na XFS, imeundwa ikiamini kwamba diski ina mwenyewe mmoja. Kila seva hukumbuka kivyake nafasi zipi zimejaa na zipi ziko wazi, wala haimuulizi mwenzake. Ya kwanza inaandika ankara mahali fulani. Ya pili, ikidhani pako wazi, inaandika juu yake. Hakuna kengele inayolia. Huenda uharibifu ukagundulika baada ya siku kadhaa, na nakala rudufu za usiku nazo zimeshaubeba.

Kinachotakiwa ni mtunza ghala mmoja, wengine wote waombe kwake. Wazo hili ni la zamani: Sun Microsystems ilibuni NFS, utaratibu wa kushirikiana faili mtandaoni, mwaka 1984, na huduma ya EFS ya Amazon inatumia utaratibu huohuo hadi leo. Ni ghali zaidi kwa kila gigabaiti kuliko diski ya kawaida, na faili ndogondogo kwa maelfu huisumbua, maana kila ombi lazima lisafiri mtandaoni. Ukiendesha NFS yako mwenyewe utaokoa fedha, ila seva inayoiendesha ikizima, nyingine zote zimekwama.

Kwa picha na nyaraka, zinazoandikwa mara moja na kusomwa mara nyingi, sisi tungechagua S3, hifadhi ya vitu (object storage) ya Amazon, au nyingine ya aina hiyo. Shida ni kwamba programu lazima ibadilishwe, na wenye tovuti hawapendi kulipia kazi isiyoonekana kwenye skrini. Walipe. Ni nafuu kuliko kufufua diski iliyovurugika.

Na anayedhani hifadhi ya pamoja ndiyo nakala rudufu, afute faili moja kwenye seva ya kwanza, kisha aitafute kwenye ya pili.