Kibali cha rubani: Mzazi asinunue bidhaa isiyo na mnunuzi

Kwa familia ya mfanyabiashara wa Arusha, kumsomesha kijana urubani ni uwekezaji mzito, pengine kuliko duka lenyewe. Shamba la kahawa la Tengeru huwekwa rehani au kiwanja cha Njiro huuzwa, ili mtoto arudi na leseni ya urubani wa biashara. Leseni ikishapatikana, familia hugundua kwamba bili nyingine inasubiri mlangoni.

Bili hiyo ni ya kibali cha aina ya ndege. Leseni peke yake haimruhusu kijana kukaa kwenye usukani wa ATR wala Boeing. Kila ndege kubwa inayorushwa na marubani wawili ina kibali chake, ambacho huandikwa katika leseni baada ya masomo ya darasani, mazoezi katika simuleta, yaani mtambo wa ardhini unaoigiza ndege, na mtihani mbele ya mtahini aliyeidhinishwa. Ada hutozwa kwa dola, tena maelfu kwa maelfu. Ndipo vipeperushi vya vyuo vya nje vinapoanza kumiminika, kila kimoja kikiahidi ajira.

Wazazi wengi hapo huuliza chuo kipi ni bora au kipi ni nafuu. Hilo ni swali la tatu. La kwanza ni nani atakinunua kibali hicho, na la pili ni cha ndege gani. Asiyejibu mawili ya mwanzo anaweza kuchagua chuo kizuri kuliko vyote duniani na bado akapoteza fedha zake.

SOKO LENYEWE

Soko la rubani wa Arusha linaonekana kwa macho. Katika kiwanja cha Kisongo, kampuni zinazopeleka watalii mbugani, kama Regional Air, Air Excel na Auric Air, hutegemea zaidi Cessna Caravan, ndege ya injini moja inayotua kwenye viwanja vya vumbi vya Serengeti kama Seronera na Kogatende. Precision Air, iliyozaliwa Arusha na kuanza kuruka mwaka 1993 kwa ndege ndogo ya kukodisha, imejenga biashara yake juu ya ATR. Air Tanzania imepokea Dash 8 Q400, Airbus A220, Boeing 787, na mwaka 2023 ikaongeza Boeing 767 ya mizigo na 737 MAX.

Sasa orodha hiyo ilinganishwe na vipeperushi. Bidhaa inayouzwa kwa wingi na vyuo vya nje ni kibali cha Airbus A320. Mzazi akisikia jina la Airbus hudhani kitamfaa mwanawe kwenye A220 ya Air Tanzania. Hakitamfaa. A220 ilibuniwa na Bombardier ya Canada kabla ya Airbus kuichukua, na ni aina nyingine kabisa yenye kibali chake. Jina moja, bidhaa mbili.

Historia ya soko hili nayo ina funzo. Fastjet ilianza safari zake nchini Novemba 2012 kwa Airbus A319, ambayo hurushwa kwa kibali kile kile cha A320. Mwaka 2016 ikaanza kuziondoa na kuleta Embraer 190, na Desemba 2018 safari zikasimama. Katika miaka sita kampuni moja ilibadili aina ya ndege kisha ikafunga. Aliyejilipia kibali cha Airbus kwa kuitegemea Fastjet alibaki na karatasi ambayo mnunuzi wake ameondoka sokoni.

Wawekezaji wadogo wanaijua hadithi ya namna hii kwa upande mwingine. Mwaka 2011 Precision Air iliuza hisa kwa umma kwa shilingi 475 moja, ikiwa na mipango ya kupanuka. Mauzo hayakufikia lengo, hasara zikafuata, na Boeing 737 ilizokuwa nazo zikaondoka. Kujilipia kibali kwa kufuata mipango ya kampuni ni kununua hisa za kampuni hiyo kwa mlango wa nyuma, tofauti ikiwa moja tu: hisa huweza kuuzwa walau kwa hasara, lakini kibali hakiuziki kwa mtu mwingine hata kwa bei ya kutupa.

Tena kibali si dhahabu ya kufungiwa kwenye kasha. Kina muda wake, na rubani wa kampuni ya abiria hupimwa uwezo wake mara kwa mara, kwa kawaida mara mbili kwa mwaka. Asiyeruka hulazimika kulipia simuleta tena ili kibali kisife. Mwaka 2020, korona ilipoangusha idadi ya watalii nchini kutoka zaidi ya milioni 1.5 mwaka uliotangulia hadi laki 6 na ushee, wenye kazi wenyewe walikosa safari. Asiye na kazi alikuwa na ghala la bidhaa inayooza.

HOJA YA UPANDE WA PILI

Wapo wanaosema kwamba mwenye kibali mkononi huitwa kwanza, kwa kuwa mwajiri haingii gharama. Hoja hiyo ina ukweli, hasa kampuni inapohitaji watu kwa haraka. Hata hivyo, mwajiri makini hutafuta saa za kuruka ndege hiyo, na saa hizo haziuzwi kwenye simuleta. Kijana mwenye saa 200 na kibali cha ndege kubwa ambayo hajawahi kuirusha na abiria bado ni mgeni. Mwenzake aliyekwisha kuruka Caravan saa elfu moja kati ya Arusha na Serengeti ana kitu cha kuuza, na kampuni huwa tayari kumlipia kibali kwa mkataba wa kuitumikia miaka kadhaa. Mkataba huo humbana, lakini hatari ya soko huibeba kampuni.

MASWALI KWA CHUO

Mwenye barua ya ajira, au ahadi ya maandishi kutoka kwa kampuni inayojulikana, sasa anaweza kuchagua chuo. Neno la kwanza aliombe kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, wala si kwa wakala wa chuo: je, mafunzo na mtihani wa chuo hicho vitakubaliwa kuingizwa katika leseni ya Tanzania? Jibu liwe la maandishi, na lipatikane kabla ya malipo.

Pili, simuleta ni ya nani? Vyuo vingine havina mtambo, hukodi kwa saa. Hilo si kosa, lakini anayekodi hana uwezo wa kupanga ratiba, na kila siku ya kusubiri hotelini ni dola. Kwa Q400, Ethiopian ina simuleta yake Addis Ababa, safari fupi kutoka KIA. Mzazi apige hesabu ya nauli na malazi kabla ya kuvutiwa na ada ndogo ya mbali.

Tatu, mtambo ni wa toleo gani? ATR za mfululizo wa 500 na za 600 zinatofautiana sana vyombo vya chumba cha rubani, na anayesomea moja huhitaji mafunzo ya ziada kwa nyingine. Mtambo ufanane na ndege ya mwajiri.

Nne, bei inajumuisha nini? Mafunzo ya kutua kwa ndege halisi, ambayo huhitajika kwa rubani asiye na uzoefu, mara nyingi huwa nje ya bei iliyotangazwa. Ada ya mtahini na ya kurudia mtihani nazo huchomoza mwishoni. Bila mchanganuo huo, mteja anauziwa mbuzi kwenye gunia.

Tano, malipo yawe kwa awamu, kila awamu ikifuata hatua iliyokamilika. Chuo kinachodai ada yote kabla ya darasa la kwanza kinamtaka mwanafunzi awe mkopeshaji wake bila dhamana.

Kwa anayeanzia Kisongo lipo na la sita. Kiwanja kile kiko futi 4,550 hivi juu ya usawa wa bahari, na jua la mchana likikolea hewa huwa nyepesi, ndege iliyojaa ikahitaji njia ndefu zaidi ya kurukia. Mkufunzi wa Caravan anayezijua hesabu za nyanda za juu ana thamani kuliko jengo zuri la chuo kilichoko pwani.

Kwa familia isiyo na ahadi yoyote ya ajira, fedha za kibali zibaki benki au kwenye hati fungani za Serikali, na kijana atafute saa kwenye ndege ndogo. Barua ya ajira itangulie, hundi ya ada ifuate.