Ada Imefutwa, Maandalizi Bado Yananunuliwa

Kila mwaka mitihani ya kidato cha sita inapokaribia, viongozi wetu huwausia vijana neno moja: "Jiandaeni." Ni usia mwema. Hata hivyo, sijapata kumsikia kiongozi akiuliza kijana huyo atajiandaa kwa vitabu gani, mahali gani na kwa msaada wa nani. Swali hilo limenikaa moyoni tangu nilipokwenda Magindu, Kibaha Vijijini, kuhani msiba.

Jioni ya siku ya pili alinijia kijana mmoja, dereva wa bodaboda. "Shikamoo mwalimu. Nimesikia unafundisha chuo kikuu," alisema. Nilipoitikia, akaniomba nimtazamie madaftari yake. Alikuwa amemaliza kidato cha nne katika shule ya kata, akakosa nafasi ya kidato cha tano, akarudia mtihani hadi akapata krediti tatu zilizohitajika. Sasa alikuwa anajiandaa kufanya mtihani wa kidato cha sita kama mtahiniwa wa kujitegemea, katika Historia, Jiografia na Kiswahili. Mchana alibeba abiria, usiku akasoma.

Katika daftari la Historia palikuwa na swali kuhusu sababu za wakoloni kujenga reli. Nilimwomba anieleze kwa Kiswahili. Akanyoosha mkono kuelekea Reli ya Kati, ambayo Wajerumani walianza kuijenga Dar es Salaam mwaka 1905 na kuifikisha Morogoro mwaka 1907. Akanieleza habari za mazao yaliyosombwa kwenda bandarini, bidhaa za viwandani zilizoletwa bara, na askari waliotakiwa kufika haraka kila palipotokea upinzani. Kisha akaongeza jambo ambalo hakulitoa kitabuni: kwamba reli hiyo ilijengwa ili kupita, na ndiyo maana vijiji vingi vilivyo kandokando yake vilibaki vilivyo.

Hapo ndipo nikasoma jibu aliloliandika kwa Kiingereza. Yalikuwa mistari saba ya kukariri, isiyo na hoja hata moja kati ya zile alizonieleza. Kama ningekuwa msahihishaji, ningempa alama chache, na kwa mujibu wa mwongozo ningekuwa nimetenda haki.

Nawaomba wasomaji, hasa mlio katika utumishi wa umma, mlitafakari jambo hilo. Kigezo cha chini kilichowekwa na Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) kwa mwombaji wa shahada aliyemaliza kidato cha sita ni kufaulu masomo mawili kwa jumla ya pointi 4, kwa mfano D mbili. Kwa Kiswahili sikuwa na shaka naye. Mlango wa chuo kikuu, kwake, ulikuwa umebakiza D moja. Na kilichomtenga na D hiyo hakikuwa akili wala bidii.

Nilimuuliza kama amewahi kusoma taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa. Hakuwa amezisikia. Baraza la Mitihani la Tanzania, lililoundwa kwa sheria mwaka 1973, huzitoa taarifa hizo kwa kila somo. Hupitia swali kwa swali, zikaonyesha mahali watahiniwa walipokosea na kwa nini, pamoja na mifano ya majibu mazuri na mabaya. Mara kwa mara hutaja sababu zilezile: kutoelewa matakwa ya swali na udhaifu wa lugha ya Kiingereza. Hazina siri yoyote, zimo katika tovuti ya Baraza. Lakini kitu kuwa wazi kwa wote si sawa na kuwafikia wote. Mtoto mwenye mwalimu wa twisheni huwekewa taarifa hizo mezani. Wa Magindu hajui hata kwamba zipo.

Nitakuwa mkosefu wa shukrani nisipokiri yaliyofanyika. Mwaka 2016 ada ilifutwa hadi kidato cha nne, na mwaka 2022 ikafutwa kidato cha tano na sita. Ni hatua kubwa. Lakini ilipoondoka ada ya darasani, ikabaki ada isiyotolewa risiti: twisheni, vitabu, chumba chenye taa na utulivu, na Kiingereza kinachonunuliwa tangu chekechea. Mtihani ni mmoja kwa wote. Maandalizi yamebaki bidhaa.

Najua nitaambiwa kwamba wapo waliotoka vijijini na wakafaulu. Wapo, na wengine wao ni wahadhiri wenzangu. Lakini tusiugeuze ushujaa wa wachache kuwa sera ya wengi.

Wala hatuhitaji kwenda mbali kutafuta mfano. Kibaha hiihii, mwaka 1963, ulianzishwa mradi wa Tanganyika na nchi za Nordiki, ambao leo ni Shirika la Elimu Kibaha. Shule, maktaba, tiba na mafunzo ya wakulima viliwekwa pamoja, kwa imani kwamba elimu huhitaji mazingira yake. Jirani zetu wa Kisarawe nao, chini ya mkuu wa wilaya Jokate Mwegelo, walianzisha kampeni ya Tokomeza Zero. Ilikuwa kazi njema. Lakini wakuu wa wilaya huhamishwa, naye alihamishiwa Temeke mwaka 2021. Haki ya mwanafunzi haifai kutegemea ari ya kiongozi aliyepo.

Napendekeza mambo matatu. Kwanza, kila kata iwe na chumba cha kusomea kinachofunguliwa hadi usiku, chenye mitihani iliyopita na taarifa za uchambuzi zilizochapwa. Darasa moja la shule ya kata latosha kwa kuanzia. Pili, taarifa hizo zitolewe pia kwa Kiswahili, ili anayeshindwa na lugha asielezwe kosa lake kwa lugha ileile iliyomshinda. Tatu, tuufufue moyo wa mlango wa pili. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitambua kwamba kazi nayo hukomaza akili, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikawa na mtihani wake wa kuwapokea watu wazima wenye umri wa miaka 25 na kuendelea. Habari za milango ya namna hiyo, na maandalizi yake, zifike vijijini.

Niliporudi mjini nilimtumia kijana yule taarifa za Historia kwa simu. Baada ya siku tatu akaniandikia: "Mwalimu, za Jiografia unazo? Tumekuwa wanne sasa." Nimemtumia. Lakini wale wanne wamezipata kwa sababu tu palitokea msiba ulionipeleka Magindu. Je, kata isiyo na msiba ingoje nini?