Mwaka wa gari wawaponza wanunuzi wa SUV ndogo

KILA Januari, kundi moja la magari hufungiwa mlango katika bandari ya Mombasa. Kwa mujibu wa kiwango cha ubora cha KS 1515, gari lililotumika ng'ambo haliruhusiwi kuingia nchini iwapo limepita umri wa miaka minane.

Mwaka wa 2025, gari kuukuu zaidi lililokubaliwa ni lile lililosajiliwa kwa mara ya kwanza mwaka wa 2018. Ulipoanza mwaka wa 2026, magari hayo nayo yakafungiwa nje na kikomo kikasogea hadi 2019.

Sheria hiyo, inayosimamiwa na shirika la kukadiria ubora wa bidhaa, KEBS, imewazoesha Wakenya kupima gari kwa kipimo kimoja tu: mwaka. Muuzaji hutangulia kuutaja, benki na vyama vya akiba na mikopo huuliza habari zake, na mnunuzi hulinganisha bei kwa kuutazama.

Kwa wanaotafuta SUV ndogo, mazoea hayo yanaweza kuwagharimu pakubwa. Magari haya, yaliyoinuka kidogo kuliko saluni na yasiyonywa mafuta mengi kama magari makubwa ya barabara mbovu, yamekuwa chaguo la mwalimu, muuguzi na mfanyabiashara mdogo anayenunua gari la kwanza la familia. Wengi wao hununua kwa mkopo utakaolipwa kwa miaka mitatu au minne. Giaboksi ikiharibika katika mwaka wa pili, mkopo huendelea kukatwa ilhali gari limeegeshwa.

Hesabu ya ushuru

Si ajabu kwamba wengi hukimbilia magari yaliyo ukingoni mwa kikomo. Mamlaka ya ushuru, KRA, hukadiria thamani ya gari kwa kutumia bei yake likiwa jipya, kisha hupunguza thamani hiyo kulingana na umri. Hivyo gari la mwaka wa mwisho unaoruhusiwa ndilo hutozwa ushuru mdogo zaidi miongoni mwa magari ya aina yake.

Hata hivyo, umri si kigezo cha pekee. Tangu Julai 2023, ushuru wa forodha kwa magari yaliyotumika ni asilimia 35, kutoka asilimia 25 ya awali. Juu yake huongezwa ushuru wa bidhaa, ambao ni asilimia 20 kwa injini isiyozidi cc 1,500 na asilimia 25 kwa inayozidi kiwango hicho, isipokuwa injini kubwa kabisa zinazotozwa zaidi. Kisha hufuata ushuru wa ziada ya thamani wa asilimia 16, ada ya kutangaza bidhaa ya asilimia 2.5 na ada ya reli ya asilimia 2.

Chukulia gari ambalo thamani yake kwa hesabu ya forodha ni Sh1 milioni. Likiwa na injini ya cc 1,500, malipo yote hayo hufika Sh924,200. Likiwa na injini ya cc 1,800 na thamani ile ile, hupanda hadi Sh1,002,500. Tofauti ya Sh78,300 imetokana na ukubwa wa injini pekee, wala haihusiani na mwaka.

Ndiyo sababu Toyota C-HR, iliyoanza kuuzwa Japan Desemba 2016, huwachanganya wanunuzi. Ile ya petroli ina injini ya lita 1.2 yenye turbo na iko katika kiwango cha asilimia 20. Ile ya haibridi, yaani inayotumia petroli na umeme, ina injini ya lita 1.8 na hutozwa asilimia 25. Magari mawili ya mwaka mmoja, yenye sura moja, hulipiwa ushuru tofauti.

Kisa cha Vezel

Hakuna gari linaloonyesha udhaifu wa kutegemea mwaka pekee kuliko Honda Vezel, ambalo katika nchi nyingine huitwa HR-V. Vezel ilizinduliwa Japan Desemba 2013 na haikukawia kuenea katika barabara za Kenya.

Toleo lake la kwanza lilikuja kwa namna mbili. Moja ni ya petroli ya lita 1.5 yenye giaboksi ya CVT, ambayo hutumia mkanda wa chuma badala ya meno ya gia. Nyingine ni ya haibridi, yenye giaboksi ya gia saba na klachi mbili kavu.

Mfumo huo wa klachi mbili ndio ulioitia Honda mashakani. Katika mwaka wa 2014, kampuni hiyo ililazimika kuyaita tena magari ya haibridi ya Fit na Vezel mara kadhaa nchini Japan ili yarekebishwe. Oktoba mwaka huo, aliyekuwa rais wa kampuni hiyo, Takanobu Ito, na wakuu wenzake walikubali kukatwa sehemu ya mishahara yao.

Mengi ya matatizo ya mwanzo yalirekebishwa. Lakini tabia ya klachi kavu haibadiliki: haipozwi kwa mafuta, na gari linapojikokota katika msongamano huku likipanda mlima, klachi hujishika na kujiachilia mara kwa mara na kupata joto. Anayesafiri kutoka Nakuru hadi Eldoret barabara ikiwa wazi huenda asilione tatizo hilo. Anayekwama katika foleni za Nairobi asubuhi na jioni yuko katika mazingira yaliyo magumu zaidi kwa klachi hiyo.

Februari 2018, Vezel ilibadilishwa sura kidogo, ila mfumo wa klachi mbili ukabaki. Mabadiliko makubwa yalikuja Aprili 2021, toleo la pili lilipozinduliwa. Haibridi ya toleo hilo haina klachi mbili. Mara nyingi mota ya umeme ndiyo inayozungusha magurudumu, na injini huzalisha umeme.

Kutokana na hayo, tofauti kati ya Vezel ya haibridi ya 2018 na ya 2020 ni ndogo kuliko bei inavyoashiria, kwa kuwa mtambo ni ule ule. Kinyume chake, magari mawili yaliyosajiliwa mwaka wa 2021, moja mwezi wa Februari na jingine mwezi wa Juni, yanaweza kuwa ya vizazi viwili tofauti. Kwa kikomo cha sasa, magari ya 2021 yataruhusiwa kuingia nchini hadi mwisho wa 2028. Wanunuzi wa miaka ijayo watakutana na vizazi vyote viwili katika yadi moja, vyote vikiitwa "Vezel ya 2021".

Aina nyingine

Mazda CX-3 ina kisa kama hicho. Ilipoanza kuuzwa Japan mwaka wa 2015, ilikuwa na injini ya dizeli ya lita 1.5 pekee. Ya petroli ya lita 2.0 iliongezwa mwaka wa 2017, na mwaka uliofuata dizeli ikawa ya lita 1.8.

Injini hizo za dizeli husifiwa kwa kubana mafuta, lakini zina kichujio cha masizi kinachohitaji safari ndefu za mwendo wa wastani ili kijisafishe. Gari la dizeli linalotumiwa kuwapeleka watoto shuleni umbali wa kilomita tatu halipati nafasi hiyo. Anayeishi mjini atafaidika zaidi na ya petroli, ijapokuwa ushuru wake wa bidhaa ni wa kiwango cha juu.

Nissan Juke iliuzwa Japan kuanzia 2010 hadi Kicks ilipochukua nafasi yake mwaka wa 2020. Giaboksi ya CVT inayopatikana katika nyingi ya Juke huhitaji mafuta ya aina yake maalumu. Fundi akitia mafuta ya giaboksi ya kawaida kwa nia ya kupunguza gharama, huenda akaiharibu kabisa.

Kwa upande wa Toyota, Raize ilizinduliwa Novemba 2019 na Yaris Cross Agosti 2020. Raize hutengenezwa na Daihatsu, kampuni tanzu ya Toyota, ambayo Desemba 2023 ilisimamisha usafirishaji wa magari yake yote baada ya kugunduliwa kuwa ilikiuka taratibu za majaribio ya usalama. Miezi kadhaa awali, Mei 2023, Raize ya haibridi ilikuwa imesitishwa kwa sababu ya dosari katika jaribio la kugongwa ubavuni.

Aidha, umbo lisimhadae mnunuzi. Mengi ya magari haya huvutwa na magurudumu ya mbele pekee, kama saluni. C-HR ya haibridi imeinuka milimita 140 tu kutoka ardhini, ilhali Raize imeinuka milimita 185. Kwa mkazi wa mtaa wenye matuta marefu na barabara ya vumbi, tofauti hiyo ina uzito kuliko mwaka mmoja au miwili ya umri.

Namba ya usajili

Hatari ni kubwa zaidi kwa anayenunua gari ambalo tayari limetumika humu nchini. Wauzaji wengi hutaja herufi za namba ya usajili kana kwamba ndizo umri wa gari. Namba za KDA zilianza kutolewa mwaka wa 2020, na wengi hudhani kuwa gari lenye namba hizo ni la karibuni.

Ukweli ni kwamba gari la 2014 liliruhusiwa kuingia nchini hadi mwisho wa 2021. Kwa hivyo, Vezel ya mwaka ule wenye matatizo inaweza kuwa na namba inayoanza kwa KD. Herufi hizo husema gari lilisajiliwa Kenya lini; cheti cha umiliki, ambacho wengi hukiita logbuku, ndicho husema liliundwa lini.

Kadhalika, cheti cha ukaguzi kinachotolewa kabla ya gari kupakiwa melini huonyesha kwamba linafaa kuendeshwa barabarani. Si dhamana kwamba klachi au betri ya haibridi itadumu.

Yapo maelezo yanayofaa zaidi. Nchini Japan, gari jipya hukaguliwa kwa lazima baada ya miaka mitatu, kisha kila baada ya miaka miwili. Kwa vile ukaguzi huo ni ghali, wamiliki wengi huyauza magari yanapotimiza miaka mitatu, mitano au saba. Gari likiuzwa mnadani, huandikiwa karatasi inayoonyesha alama yake, kilomita ilizotembea na kama liliwahi kugongwa na kukarabatiwa. Muuzaji anayekataa kuitoa karatasi hiyo amempa mnunuzi sababu ya kutosha ya kwenda kwingine.

Pengo lililobaki

Lipo jambo ambalo mnunuzi hawezi kulitatua peke yake. Kampuni inapoliita gari tena ili lirekebishwe, taarifa hutumwa kwa mmiliki aliyesajiliwa Japan. Gari likishavuka bahari, mmiliki wake wa Thika au Kisumu haandikiwi barua. Kampuni za Japan huruhusu mtu kutafuta kwa namba ya chesisi mtandaoni, ila kwa kawaida maelezo huwa katika Kijapani.

Mjadala wa umma, hata hivyo, umekuwa ukizunguka umri tu. Mwaka wa 2019 lilikuwapo pendekezo la kukishusha kikomo hadi miaka mitano, likapingwa vikali na waagizaji wa magari na halikutekelezwa. Kikomo hicho kingepandisha bei bila kumweleza mnunuzi lolote kuhusu giaboksi. KEBS na mamlaka ya usalama barabarani, NTSA, zinazo namba za chesisi za magari yanayoingia nchini. Kuzilinganisha na orodha za magari yaliyoitwa tena kungewafaa wanunuzi zaidi ya kuongeza masharti ya umri.

Hadi hilo lifanyike, mwenye kiasi kidogo cha fedha na safari nyingi za mjini ni heri achague Vezel ya petroli ya toleo la kwanza kuliko ya haibridi ya mwaka ule ule. Anayetaka haibridi ya Honda asubiri uwezo wake ufikie toleo la 2021. Na kabla ya kutia saini mkopo, amlipe fundi asiyejuana na muuzaji aliendeshe gari katika foleni na mlimani, si kuzunguka yadi mara moja.