Utafiti wa Tiba Unahitaji Wakfu Wetu Wenyewe

Majumba marefu ya Michenzani yalichorwa na wataalamu wa Ujerumani ya Mashariki mwishoni mwa miaka ya 1960, katika mpango wa kulijenga upya eneo la Ng'ambo mjini Zanzibar. Waliopandisha kuta zake ni Wazanzibari. Wageni walipopungua ujenzi haukusimama. Uliendelea miaka ya 1970, na leo watoto na wajukuu wa wajenzi wale wanaishi humo. Nataka ndugu zangu tulitazame jambo la utafiti wa tiba kwa jicho hilo hilo. Kwenye utafiti nako ramani imekuwa ya mgeni na mikono imekuwa yetu, lakini nyumba ikikwisha funguo anabaki nazo mgeni. Hali hii imedumu kiasi kwamba tumeanza kuiona kuwa ndiyo desturi.

Kutoka Michenzani hadi Hospitali ya Mnazi Mmoja ni mwendo wa miguu. Hapo ndipo wanapojifungulia wengi katika mama zetu, dada zetu na wake zetu wa mjini, na hapo ndipo mwaka 2014 watafiti kutoka Denmark, wakishirikiana na madaktari na wakunga wa wodi ya wazazi, walipoanza kazi iliyopewa jina la PartoMa. Walichokikuta kinastahili kuelezwa kwa urefu. Miongozo ya kimataifa ya kumhudumia mzazi ilikuwapo, imepigwa chapa vizuri, lakini iliandikwa kana kwamba kila mzazi ana mkunga wake wa kumkalia kitandani. Mkunga wa Mnazi Mmoja ana wazazi kadhaa kwa wakati mmoja: mmoja anasukuma, mwengine anatoka damu, wa tatu ndiyo kwanza anafika. Mwongozo usiojua hali hiyo hauwezi kufuatwa, na ukishindwa kufuatwa lawama humwangukia mkunga.

Basi watafiti wakakaa na wakunga na madaktari wenyewe, wakaulizana lipi linawezekana kwa idadi ya watu waliopo, wakaandika kijitabu kidogo cha kutia mfukoni. Kisha zikafanyika semina fupi kila baada ya miezi mitatu, nje ya saa za kazi, na yale yale yakarudiwa mpaka yakazoeleka. Haikuhitajika mashine kubwa wala jengo jipya. Hesabu ya mwaka mmoja baadaye ilionyesha kwamba watoto waliozaliwa wafu walipungua kutoka 59 hadi 39 katika kila vizazi 1,000. Tafadhali, ndugu msomaji, usizipite haraka tarakimu hizo. Tofauti hiyo ya 20 ni watoto waliolia walipozaliwa, wakapewa majina, na leo wako skuli.

Nimeanza na mfano huu kwa sababu mara nyingi tunaambiwa kwamba utafiti ni anasa. Wasemao hivyo si wabaya. Wanauliza: dawa zenyewe zinapungua hospitalini, mgonjwa anaandikiwa akanunue dukani, iweje fedha zitolewe kwa ajili ya mtu kukaa na kuandika makaratasi? Ni swali la haki, na jawabu lake liko Pemba.

Kwa miaka mingi wataalamu wa dunia walishauri kwamba watoto wadogo wa nchi zenye malaria wapewe dawa ya kuongeza madini ya chuma, kwa sababu wengi wao wana upungufu wa damu. Ushauri ulionekana wa huruma na wa busara. Ukapimwa Pemba, katika utafiti ulioongozwa na Sunil Sazawal wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins cha Marekani pamoja na wenzake wa Zanzibar, na watoto zaidi ya 24,000 wakaingizwa. Mwezi wa Agosti 2003 kamati ya usimamizi iliamuru dawa ile isimamishwe. Waliokuwa wakipewa madini ya chuma pamoja na foliki walikuwa katika hatari iliyozidi kwa asilimia 12 ya kufa au kulazwa hospitali kuliko wasiopewa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2006 katika jarida la Lancet, na Shirika la Afya Duniani likaubadilisha ushauri wake. Hebu fikiria lingekuwaje kama ile dawa ingegawiwa tu, kwa nia njema, bila ya mtu kuuliza. Kwa hiyo anayesema tununue dawa kwanza, utafiti baadaye, ajue kwamba ni utafiti unaomwambia ipi ni dawa na kwa nani.

Fahari ya kazi ile ni ya Pemba, kwani ni wazazi wa Pemba waliokubali watoto wao waingizwe, na ni maabara ya Afya ya Jamii Ivo de Carneri, pale Wawi, iliyobeba sehemu kubwa ya kazi za namna hii tangu ilipofunguliwa mwaka 2000. Lakini swali lenyewe halikuulizwa na Mpemba, na bajeti haikuandikwa Chake Chake. Sisemi hivi kwa kuwachukia wageni. Wametufaa sana. Matibabu mapya ya malaria ya mseto, yaliyoanza kutolewa bure mwaka 2003, yalifuatiliwa Unguja kwa msaada wa wataalamu wa Sweden, na tukaona kwamba katika wilaya iliyochunguzwa vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano vilipungua kwa asilimia 52 baina ya 2002 na 2005. Mwenye shukurani hukiri mema aliyotendewa. Hata hivyo shukurani haimwondolei mtu wajibu wa kujitegemea.

Na malaria hiyo hiyo ilikwisha kutufundisha somo tukalisahau. Kuanzia mwaka 1957 visiwa hivi vilikuwa katika kampeni ya Shirika la Afya Duniani ya kuangamiza malaria. Nyumba zilipigwa dawa, damu zilipimwa, na ugonjwa ukashuka mno. Mwaka 1968 kampeni ikafungwa. Malaria ikarudi, na ikatutesa miaka mingine zaidi ya thelathini. Fedha iliyotoka nje ilipoondoka, iliondoka na ujuzi pia, kwa kuwa hatukuwa na watu wa kutosha waliofunzwa kukaa palepale, kuhesabu na kuonya.

Wakati mwengine wa namna hiyo umefika. Mwezi wa Januari 2025 serikali mpya ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na kufikia Julai shirika la USAID lilikuwa limefungwa. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo kuingizwa katika mpango wa Rais wa Marekani wa kupambana na malaria, na Zanzibar ilikuwamo. Vituo vingi vya Afrika vilivyotegemea ruzuku za Marekani viliamka asubuhi moja vikaambiwa visimamishe kazi. Hakuna aliyetuonea, fedha ni zao na uamuzi ni wao. Kosa ni letu, tulioweka kichwa kizima kwenye mto wa jirani.

Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, SUZA, hakikosi vijana. Masomo ya udaktari yalianza hapa Unguja mwaka 2007 kwa msaada wa Cuba, chini ya Chuo Kikuu cha Matanzas, na baadaye yakawa ya SUZA yenyewe. Danida ya Denmark ilisaidia kukiimarisha chuo katika mafunzo ya utafiti kwa miaka mingi. Tunayo pia Taasisi ya Utafiti wa Afya Zanzibar, ZAHRI. Taasisi zipo, watu wapo. Kilichokosekana ni chungu cha fedha kisichokauka, ambacho daktari kijana mwenye swali lake zuri anaweza kukiendea bila ya kwanza kulipinda swali lile lifanane na matakwa ya mfadhili wa Ulaya.

Wakuu wa Afrika wamekwisha kuahidi. Bamako, mwaka 2008, mawaziri walikubali kwamba angalau asilimia 2 ya bajeti za wizara za afya iende kwenye utafiti. Ahadi ile ni ya kudaiwa kila mwaka, wala haifai kungojewa. Wizara ya Elimu ya Muungano nayo imeanza kuwatuza wahadhiri wanaochapisha katika majarida makubwa ya dunia, jambo jema linalostahili sifa. Ila tuzo hutolewa kazi ikishachapishwa. Mwenye dhiki kubwa ni yule ambaye hajaweza hata kuianza, kwa kukosa nauli ya kwenda Micheweni, vipimo vya maabara na mtu wa kumshikia zamu wodini.

Ndipo ninapolileta pendekezo langu, nami nalisema kwa moyo wote: tuweke wakfu wa utafiti wa tiba.

Wakfu hatufundishwi na mtu. Mji Mkongwe umejaa nyumba za wakfu, na mashamba ya minazi na mikarafuu yaliwekwa wakfu kwa ajili ya misikiti, ya vyuo vya Kurani na ya maskini. Ipo Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana yenye kuzisimamia. Uzuri wa wakfu ni kwamba mali yenyewe haiguswi, linaloliwa ni pato lake. Kwa hiyo haumalizwi na bajeti ya mwaka mmoja wala haufungwi na mfadhili aliyebadilisha serikali.

Na wakfu wa tiba ni wa zamani. Mwaka 1284 Sultani Qalawun aliijenga hospitali yake kubwa mjini Cairo, akaiwekea wakfu wa kulisha wagonjwa, kulipa waganga na kufundisha wanafunzi. Ibn al-Nafis, tabibu aliyeandika kwamba damu hutoka upande wa kulia wa moyo ikapita mapafuni kabla ya kurudi upande wa kushoto, karibu miaka mia tatu kabla Ulaya haijalichapa jambo hilo, aliacha nyumba yake na vitabu vyake kwa hospitali hiyo. Hapa kwetu tajiri Tharia Topan alianza mwaka 1887 kulijenga jumba la hospitali pale ufukweni Mizingani. Alifariki mwaka 1891 halijamalizika, na lilipomalizika miaka mitatu baadaye halikupata kuwa hospitali aliyoikusudia, lakini baadaye lilitumika kama zahanati ya kutibu watu, na hadi leo tunaliita Zahanati ya Zamani. Je, matajiri wa leo, wenye mahoteli ya Nungwi na Kiwengwa, hawana wasia wa namna hiyo? Ndugu zetu wa Muscat na wa London, wanaotuma fedha za kujenga misikiti ya vijijini mwao, wakiombwa kwa hesabu iliyo wazi watakataa? Hapo Michenzani penyewe Mfuko wa Hifadhi ya Jamii, kwa michango ya wafanyakazi wa nchi hii, umejenga jengo kubwa la maduka. Kukusanya na kuzalisha tunajua.

Fedha peke yake haitoshi, na hapa lazima niseme ukweli kuhusu mafunzo. Tumezoea semina ya siku mbili, bango ukutani, chai, posho na picha ya pamoja. Mtafiti hafunzwi hivyo. Anahitaji mwalimu atakayekaa naye mwaka mzima na zaidi: amkatalie swali lake mara tatu, amfundishe kuhesabu ni watu wangapi wanatosha kulijibu, amsimamie wakati wa kuomba idhini ya kimaadili, amsahihishie andiko mpaka likae sawa. Anahitaji pia siku katika wiki ambayo si ya kufundisha wala ya zamu. Chuo kisipompa siku hiyo, ruzuku itakaa benki na kijana atachoka. Taasisi ya utafiti wa afya ya Ifakara, kule bara, ilianzishwa na Mswisi Rudolf Geigy mwaka 1956. Ilichukua takriban miaka arubaini kuwa taasisi ya Kitanzania, na miongoni mwa walioiongoza, Hassan Mshinda, baadaye alikuwa Mkurugenzi Mkuu wa Tume ya Sayansi na Teknolojia ya Tanzania, COSTECH. Subira ya namna hiyo ndiyo inayotakiwa. Anayetaka matunda kabla ya uchaguzi ujao asijiingize.

Liko na jambo la mikutano. Watafiti hukutana hotelini, husemeshana Kiingereza, na matokeo huishia katika majarida ambayo mkaazi wa Chumbuni hayaoni maisha yake. Na ni huko Chumbuni ambako, mwanzoni mwa 2009, watu walikunywa chanjo ya kipindupindu iliyochunguzwa kwa makini. Utafiti ule, jina la mbele likiwa la Ahmed Khatib wa Wizara ya Afya ya Zanzibar, ulionyesha kwamba chanjo iliwakinga waliokamilisha dozi mbili kwa kiasi cha asilimia 79, na kwamba hata wasiochanjwa walipata hifadhi pale majirani zao walipochanjwa kwa wingi. Huo ni ujuzi walioutoa watu wa Chumbuni kwa dunia nzima. Walirudishiwa kwa lugha yao, barazani, na mtu wa kumuuliza maswali?

Kwa hiyo chuo kiwe na siku moja ya mwaka, uwanjani Michenzani, si hotelini, ambapo kila aliyepata fedha za wakfu asimame aeleze kwa Kiswahili aliuliza nini, alipata nini, na lipi lilimshinda. Masheha waalikwe, wakunga waalikwe, wazazi walioingizwa katika utafiti wakae safu ya mbele. Na nusu ya siku iachwe kwa watu kuuliza wao, kwani mama aliyelea watoto wenye kichocho au aliyemuuguza mume mwenye sukari anayo maswali ambayo mwalimu wa chuo hajayafikiria, na baadhi yake ndiyo yawe ya kufanyiwa utafiti mwaka unaofuata.

SUZA, ZAHRI na Kamisheni ya Wakfu hawahitaji sheria mpya ili wakutane. Wakutane kabla Baraza la Wawakilishi halijaanza kujadili bajeti, waandike hati ya wakfu, wataje nani atakayeikagua, na waitangaze magazetini pamoja na namba ya akaunti.